Katibu Aliyebisha Hodi Magarini

Katibu alikuwa akibisha hodi kwenye magari. Hakugonga kioo kama askari, wala hakumulika ndani kwa tochi. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni, sufuria mkononi, akasema "Hodi hapa" kwa sauti ya mtu aliyefika uani kwa jirani yake. Kisha akangoja. Na yule aliyejikunyata humo ndani, aliyekwisha kuapa kwamba haongei tena na mtu yeyote wa misaada, alijikuta amejibu "Karibu" kabla akili haijamzuia. Nimeliona jambo hilo mara nyingi. Mtu wa kwetu akishasema karibu hawezi tena kujifanya hayupo, na hapo ndipo Katibu alipomnasia.

Mimi nilikuwa dereva wake, bila mshahara na bila shukrani. Mchana nilikuwa nawapeleka wagonjwa kliniki kwa gari la kampuni ndogo ya mtu wa kwetu, jioni na Jumamosi nampeleka yeye kwa gari langu. Mama huyu aliyekuwa akifokea wachungaji mbele ya waumini wao aliogopa barabara kuu kama mtoto anavyoogopa sindano. Tukifika Springfield, pale barabara zinapopandana, alifumba macho, akashika mkanda kwa mikono miwili mpaka nimwambie tumeshapita. Kisha anaendelea kunigombeza pale pale alipoachia.

Watu wetu wengi wa huku Marekani, kuanzia Laurel mpaka Fairfax, wanamkumbuka kwa jambo moja tu. Wanasema kulikuwa na chumba, kulikuwa na mzee wa Kikongo aliyekihitaji, na Katibu akapeleka habari kwamba mzee hana shida. Mzee akafa ndani ya gari. Ndivyo linavyosimuliwa kwenye harusi na kwenye misiba, na mimi niliyekuwepo siku ile nimewaacha walisimulie hivyo kwa miaka minne. Sasa chama chetu cha misaada kinatayarisha kijitabu cha kuonyesha kilivyopiga hatua, na kijana mmoja wa kamati amenipigia simu akiomba niandike ukurasa mmoja kumhusu Katibu. "Kitu kifupi tu, kaka, kizuri." Hakitakuwa kifupi. Kuhusu uzuri, wataamua wenyewe.

Chama kilianza na blanketi na chupa za chai katika chumba cha chini cha kanisa moja pale Laurel. Kilikuwa na mwenyekiti, makamu mwenyekiti, mweka hazina, mlezi na washauri watano, kama vyama vyetu vyote, na aliyefanya kazi alikuwa katibu. Kwa hiyo tulimwita hivyo, na baadaye hata wajukuu zake wakamwita hivyo wakitaka kumtania. Alikuwa Mkenya wa huko Nakuru, amestaafu kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, mgongo umeharibika kwa kuinua miili ya watu wengine. Hakuwa mpole. Nasema hivi mapema kwa sababu marehemu na wagonjwa wetu wote huwa wapole tunapowaandika, na huyu hakuwa.

Alikuwa na mambo yake. La kwanza lilikuwa sahani. Vyama vingine vilipeleka chakula kwenye mifuko ya karatasi. Katibu alipeleka sufuria ya wali au githeri ya mahindi na maharage, imefungwa kwa leso, na sahani za udongo zikigongana nyuma ya gari langu kila nilipokanyaga breki. Alipakua, akasimama hapo mpaka mtu amemaliza, akarudi na sahani nyumbani kwake kuziosha. Nilipomwambia kwamba sahani za karatasi zingetuokolea muda mwingi, alinitazama kama niliyemtukana mama yake.

"Mtu akikula kwa sahani anakumbuka ako na kwao," alisema. "Ukimpea kwa mfuko, unamwambia atembee."

Jambo la pili, hakutaka neno wateja. Ofisi zote zinatumia neno hilo na kamati yetu nayo ilianza kulitumia. Yeye aliwaita wenyeji. Kama mtu amelala kwenye maegesho ya duka wiki sita, basi hapo ni kwake, na sisi ndio wageni. Siku moja wafadhili walikuja kutazama nyumba mbili za kwanza tulizopanga. Kamati ilitaka mama mmoja asimulie mateso yake mbele yao. Katibu akamwambia yule mama aingie chumbani na watoto wake, afunge mlango, aangalie televisheni kwa sauti ya juu. Wafadhili waliambiwa wenyeji wamepumzika. Mwenyekiti alinuna mwezi mzima.

Nguo alizirudisha. Watu wetu wanapenda kutoa nguo ambazo hata wao wameshindwa kuzivaa, kisha wanaita sadaka. Alipopata suruali iliyochanika mapajani ndani ya mfuko uliotoka kwa mke wa mchungaji, aliifua, akaipiga pasi, akamrudishia Jumapili baada ya ibada, mbele ya akina mama wote. "Mama Mchungaji, hii imepotea njia." Akina mama walicheka na kumchukia kwa wakati mmoja. Baada ya hapo nguo zilizokuja zilikuwa chache, lakini zilivalika.

Na hakuwasalimia watu aliowasaidia. Hili lilinichukua muda kulielewa. Tukiwa harusini, akipita mbele yetu dada mmoja aliyekuwa akilala na mwanawe kwenye ngazi za jengo, sasa ni muuguzi, amependeza, Katibu alimtazama kama ukuta. Nilidhani ni kiburi. Kumbe alikuwa anamwachia dada yule uamuzi. Akimsalimia yeye kwanza, watu watauliza wamejuana wapi. Dada yule hakumsalimia. Wengi hawakumsalimia, na wengine hawamsalimii mpaka leo, na sijawahi kumsikia akilalamika.

"Aibu haina joto," ndio ulikuwa msemo wake, na aliwaambia hivyo watu waliojificha. Akiwa amekasirika zaidi alisema mficha uchi hazai. Lakini mwenyewe nilimkuta majira fulani ya baridi amevaa koti zito ndani ya nyumba yake, na kofia. Hita ya nyumba yake ilikuwa imekufa wiki tatu na hakuwa amemwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Niko tu sawa," kwa sauti ile ile ya wenyeji wetu wa kwenye magari, na akaniambia niende zangu. Alikuwa mgumu kwa namna hiyo. Alitaka kila mtu afungue mkono apokee, isipokuwa yeye.

Sasa nifike kwenye kalamu yake, maana bila hiyo kisa cha mzee hakieleweki.

Vyumba vyenyewe havikuwa vyetu. Vililipiwa na ofisi kubwa ya makazi, nasi tulileta majina ya wahitaji. Na ili jina likubaliwe, ilibidi ithibitishwe kwamba mtu kweli analala nje au garini: ama mtu wa ofisi aje aone kwa macho yake, ama mtu aliyemwona aandike barua, aweke jina lake, anwani yake na sahihi yake. Katibu hakuwahi kuandika asichokiona. Jamaa mmoja alimwomba amwongezee mtoto mmoja kwenye fomu ili apate nyumba kubwa zaidi, mtoto mmoja tu, nani atahesabu? Aliichana fomu mbele yake. "Siku moja nikidanganya, watatufungia sisi wote," alisema. Na ofisi ilimwamini. Nyumba zote ambazo chama kinajivunia leo, madarasa ya jioni ya akina mama, chumba cha watoto cha kufanyia kazi za shule ambako unawaongelesha Kiswahili nao wanakujibu Kiingereza, yote yalikuja kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kuongeza mtoto kwenye fomu.

Tatizo lake kubwa lilikuwa ukarimu wetu. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kesho atatembelewa, atafagia. Hata kama nyumba yake ni Toyota, atafagia. Katibu aliwaonya wote kwa maneno yale yale: "Siku nikija na karatasi mimi si mgeni. Usinipokee. Acha kila kitu kilivyo." Wengi walimsikia. Mzee hakumsikia.

Tulimwita Papa, kama Wakongo wanavyowaita watu wa umri wake. Alikuwa mtu wa Bukavu, amefanya kazi ya kuosha vyombo katika jiko la hoteli mpaka magoti yakakataa. Aliishi kwa mpwa wake. Mpwa akapata kazi jimbo jingine, akahama na familia yake, na Papa akawaambia wasijali, yeye ana rafiki wa kumhifadhi. Rafiki huyo hakuwepo. Kilichokuwepo ni gari la kijivu na maegesho ya maduka huko Springfield.

Mimi nilimjua kabla ya Katibu. Kazi yangu ilianza alfajiri, na nilikuwa nachukua gari la kampuni karibu na maduka yale. Asubuhi moja nilimwona kwenye kiti cha nyuma amejifunika blanketi mbili na pazia la dirisha, na vioo vimeganda kwa ndani kwa sababu ya pumzi yake. Nikamletea chai. Tangu siku hiyo nikawa namletea chai karibu kila asubuhi, na yeye kila asubuhi aliniambia, "Merci, mwanangu, leo ni mwisho, usisumbuke tena." Katibu alipoanza kumtembelea, alimtembelea jioni, na jioni alimkuta amekaa kiti cha mbele, amefunga tai, anasoma Biblia yake ya Kifaransa. Kwa hiyo mtu aliyemwona Papa akilala garini alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi.

Kikatokea chumba. Chumba cha mzee mmoja, ghorofa ya chini, Laurel, karibu na kanisa. Ni kama fundi alimpima Papa magoti kabla ya kukijenga. Karatasi zilitakiwa kufika kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Jumanne jioni Katibu alimpigia simu nikiwa pembeni yake.

"Papa, kesho nakuja na mtu wa ofisi. Usifagie. Usifiche kitu. Hizo blanketi ziache hapo hapo. Tumeelewana?"

"Nimesikia, maman."

Kusikia alisikia. Lakini kesho yake alikuwa anakuja mgeni asiyemjua. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na Papa aliliamini neno hilo kuliko tulivyoliamini sisi.

Tulipofika tulikuta gari limeoshwa. Viti vimepanguswa, vioo vinang'aa. Blanketi hazikuwepo, baadaye tuliambiwa alikuwa amezipeleka kufua kwa mashine ya mtaani ili, kama wageni wakitaka kuziona, wazione zikiwa safi. Alikuwa amevaa suti. Juu ya boneti alikuwa ametandika kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa vikombe vitatu vya karatasi, soda kubwa na biskuti zilizopangwa kwa duara.

"Mukaribie," alisema. "Poleni na safari. Mukunywe kidogo mbele ya kazi."

Mtu wa ofisi alikuwa binti Mmarekani mweusi, mdogo, mpole. Alikula biskuti. Aliona jambo linaloendelea, nina hakika, macho yake yalilegea. Akamwomba Katibu amuulize mzee usiku analala wapi.

"Papa, anauliza usiku unalala wapi."

Papa akamtazama yule binti, aliyeweza kuwa mjukuu wake. Akanyoosha tai. "Umwambie niko bien. Kuna ndugu mumoja ananisaidia. Asikuwe na wasiwasi."

"Papa, sema ukweli."

"Maman, ile njo ukweli."

Katibu alitafsiri. Alitafsiri kila neno kama lilivyosemwa, na mimi nikiwa nimesimama hapo nilitamani kumziba mdomo. Binti akaangalia ndani ya gari, akaangalia nyuma: sanduku moja limefungwa, jozi ya viatu imejazwa magazeti isipoteze umbo. Akaandika. Na nimtendee haki: kabla hajaondoka alimwambia Katibu, polepole, mara mbili, kwamba yeye anaweza kuandika alichokiona na alichoambiwa tu, lakini kama yupo mtu aliyewahi kumwona mzee akilala hapa, barua yake itatosha. Jina, anwani, simu, sahihi. Kabla ya Ijumaa saa sita.

Tukirudi, tulipita pale barabara zinapopandana na Katibu hakufumba macho.

"Wewe ulimwona," alisema.

"Nilimwona."

"Basi ni kitu rahisi. Andika leo, kesho nitachukua."

"Sawa, Katibu."

Niseme wazi. Karatasi zangu za kukaa katika nchi hii hazikuwa sawa wakati huo, na hazijawa sawa mpaka leo. Chumba nilichopanga kina jina la binamu yangu. Simu yangu ina jina la binamu yangu. Nilikuwa nimeishi miaka mingi bila kuacha jina langu mahali popote ambapo halikulazimika, na nilikuwa nimezoea kuishi hivyo kama mtu anavyozoea kuchechemea. Usiku ule niliandika barua. Ilikuwa barua nzuri, naikumbuka: vioo vilivyoganda, blanketi mbili, pazia, chai. Nikafika chini, pale pa kuweka jina, nikamfikiria mama yangu Singida anayemeza dawa ninazolipia mimi, nikaiweka kalamu mezani.

Alhamisi simu ililia mara nne nikawa naiangalia. Ijumaa saa tatu asubuhi Katibu alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Iko wapi?"

"Katibu, hali yangu unaijua."

"Naijua."

"Jina langu likiingia kule..."

"Hiyo barua inaishia kwa faili ya nyumba. Hakuna mtu anaenda kuangalia wewe ni nani."

"Unaweza kunihakikishia?"

Nilimwona akitaka kusema ndiyo. Neno moja tu lilihitajika, na mzee wa watu angelala kitandani wiki ile ile. Angeniambia uongo ule, ningesaini. Nimelifikiria hili kwa miaka minne na sina shaka nalo.

"Hapana," alisema. "Siwezi kukuhakikishia."

Barua ilikuwa mezani. Aliiinamia, akaisoma yote akiwa amesimama. "Ni barua nzuri," alisema, akaiacha pale, akaondoka. Sikumfuata.

Chumba kilikwenda kwa mzee mwingine, ambaye naye hakuwa akilala barazani kwa raha zake, na hilo ndilo linalonimaliza, maana siwezi hata kumchukia. Katibu hakuacha kumhangaikia Papa. Alimwomba aje alale kwenye sofa lake. Papa akasema mwanamume hawezi kulala kwa mwanamke anayeishi peke yake, watu watasema nini. Alimpeleka kwenye makazi ya muda. Siku ya tatu akarudi garini kwa sababu viatu vyake vimeibiwa. Alimtafutia chumba kwa Wakongo wenzake, kila nyumba imejaa hadi jikoni. Ulipofika Januari, baridi iliingia ile ya kuuma meno, na mfanyakazi mmoja wa duka ndiye aliyemkuta asubuhi.

Sikuwa mimi niliyemkuta. Tangu Ijumaa ile nilikuwa nimebadilisha njia. Nilizunguka upande wa pili wa maduka, nisimwone, asinione. Kwa muda wa wiki saba hakuna mtu aliyempelekea Papa chai ya asubuhi, na sababu ni kwamba mimi niliona haya.

Msiba ulifanyika Laurel, kwenye ukumbi wa kanisa, na haukukosa kitu. Mkono wetu kwa maiti ni mwepesi. Mtu aliyekosa pa kuweka mgongo alipata jeneza zuri, suti mpya, tiketi ya kumrudisha Bukavu, na mtu wa kumsindikiza, yote ndani ya siku tisa. Wakenya walichanga, Watanzania walichanga, Waislamu wa Springfield walileta pilau sufuria mbili. "Maiti amepata tiketi," Katibu aliniambia jikoni, akikoroga chai. "Mzima hakupata godoro." Ndiyo sentensi pekee aliyonielekezea siku ile.

Kisha akasimama mtu mmoja mnene, mwenye sauti nzuri, akasema tusifichane, kuna mtu kati yetu alikwenda na ofisi mpaka kwenye gari la marehemu, akaona kwa macho yake, na bado wakaandika hana shida. Watu wakaguna. Wakageuka kumtazama Katibu. Nilikuwa meza ya pili kutoka kwake. Alikuwa ameshika birika, na alichohitaji kufanya ni kunitazama mimi, basi, kunitazama tu, na watu wangefuata macho yake. Alimtazama mtu aliyekuwa anammiminia. "Sukari?" akauliza.

Nilikula sahani mbili za pilau siku hiyo. Ningeweza kuficha hili lakini nimeshaanza.

Miezi michache baadaye kamati ilimwambia apumzike. Walimpa saa ya ukutani na maneno mazuri. Chama kikaendelea, na siwezi kusema kimeharibika. Kuna watoto wanaolala kitandani leo, kuna mama wa Tabora amepata cheti cha uuguzi, kuna mwenye nyumba pale Laurel ambaye zamani alitufungia mlango usoni na sasa anatupigia simu nyumba ikiwa wazi. Yote hayo yatakuwa kwenye kijitabu, na ni kweli. Katibu akapata kiharusi. Binti yake akamchukua, akampeleka kwake Fairfax.

Sikwenda kumwona. Nilituma salamu, nilituma maua mara moja. Vuli iliyopita ndipo nilipokwenda, na hata hapo sikwenda kwa ajili yake. Nilikuwa nimeona, asubuhi tatu mfululizo nikielekea kazini, gari limeegeshwa nyuma ya jengo la mazoezi, na ndani yake mama na watoto wawili. Mama anaongea Kiswahili cha Arusha. Asubuhi ya tatu betri yake ilikuwa imekufa nikamsaidia kuwasha. Watoto walikuwa wanapiga mswaki kwa maji ya chupa, mkubwa ana begi la shule mgongoni. Mama aliniambia ndugu yao yuko njiani kuja kuwachukua. Aliniambia hivyo siku zote tatu.

Binti wa Katibu alinifungulia mlango akiwa amevaa nguo za zamu. "Ingia tu, uncle. Anaongea pole pole lakini akili iko," alisema, akatoka kwenda kazini. Katibu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka pamoja na jicho. Nilimwamkia, akanionyesha kiti kwa kidevu. Nilikaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Laurel.

"Katibu, ile Ijumaa..."

"Ile ilizikwa Bukavu," alisema. "Nyinyi Watanzania mnaomba samahani mpaka kwa kiti. Kimekuleta nini?"

Nikamweleza habari za mama na watoto. Nilimweleza vizuri, kila kitu: mahali, rangi ya gari, mswaki, begi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi unaniambia ili nifanye nini?"

"Ili uwasaidie."

Akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua kidogo, akauachia. Ulianguka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akanionyesha droo ya meza. Ndani kulikuwa na fomu za chama, zile zile za kuthibitisha mtu analala nje, kumi au zaidi. Nikatoa moja. Nikaijaza sehemu ya juu, nikajaza nilichokiona, asubuhi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nikafika chini.

Siku hizi hofu ni kubwa kuliko wakati wa Papa. Kuna watu wetu wanaokwepa hospitali, kuna wanaokwepa hata kanisa, na binamu yangu ameniomba nisipokee simu nisizozijua. Mama yangu bado anameza dawa zile zile. Sikumuuliza Katibu kama ananihakikishia, kwa kuwa nilijua jibu lake, na yeye alijua kwamba nalijua. Alinitazama kwa jicho lile moja zima, bila huruma na bila hasira.

Nikaandika jina langu. Nikaandika la baba, nikaandika la babu. Nikaandika anwani ya mahali ninapolala, namba ya mlango, namba ya simu. Nikasaini. Sikujisikia jasiri hata kidogo. Nilijisikia nimechelewa miaka minne kwa Papa, ambaye hatasoma karatasi hiyo.

Nikampa karatasi. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na lile jicho zima, akaisoma taratibu, kutoka juu mpaka kwenye sahihi. Alikaa kwenye sahihi muda mrefu.

"Kumbe hata jina unajua kuandika," alisema.